Propela ya Mwendo

Kilichoharibu propela yetu kilikuwa ukarimu. Nasema hivyo bila mzaha, maana nimewasikia watu wakisema ni uzembe wa rubani, na wengine eti fundi alilala. Fundi ni mimi, na sikulala. Wanakijiji wa huko juu mlimani, ndugu zangu kabisa, walisikia wauguzi wa chanjo wanakuja na ndege, wakakumbuka jinsi safari iliyopita muuguzi mmoja alivyozama kwenye tope mpaka kiatu kikabaki humo. Wakaona aibu. Basi akina mama wakashuka mtoni na ndoo, wakapandisha kokoto kichwani kwa siku mbili, wakazimwaga palepale ndege inapogeukia, ili mgeni akishuka akanyage pakavu. Hakuna aliyewaambia kwamba propela ikizunguka inavuta kila kilicho chini yake. Ndege ilipogeuka, kokoto zikaruka.

Ilipotua mjini mchana huo niliizunguka kama kawaida yangu, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kila panga. Panga la kwanza, safi. La pili, karibu na ncha, kidole kikaingia kwenye pengo. Nilisimama pale na kidole changu humo ndani.

Ndege yenyewe ni ndogo, viti vinne, injini moja puani, propela ya mapanga mawili ambayo mkao wake haubadiliki. Ukiichagua umeichagua, hakuna kifaa cha kuirekebisha ukiwa angani. Kazi yetu kubwa ni kupanda Uluguru na kushuka: chanjo, dawa, wauguzi, na mara mojamoja mgonjwa ambaye barabara ingemmaliza. Uwanja wa kule juu ni mgongo wa mlima uliosawazishwa kwa majembe zamani za wamisionari. Upande wa juu kuna kanisa, upande wa chini kuna mikaratusi, na nyuma ya mikaratusi kuna korongo. Unatua ukipanda kuelekea kanisani, unaruka ukiteremka kuelekea korongoni, na njia nyingine hakuna. Katikati kuna jiwe jeupe pembeni mwa nyasi. Magurudumu yakiwa bado ardhini ukilifikia jiwe lile, unafunga breki, unarudi kujipanga upya. Ukishalipita, huwezi tena kusimama. Nimekulia mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo. Tulikuwa tukichunga mbuzi kwenye uwanja huohuo.

Na rubani. Rubani wetu ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mluguru wa juu ya Mlali, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu si wa kuigiza. Amenizidi miaka kumi na tano na ushee; kwa umri wake nilipaswa kumwamkia kila asubuhi. Sijawahi. Siku ya kwanza nilipoingia karakana nilimuuliza kabila lake, akanitajia, nikamwambia, "Ahaa, mpagazi! Mizigo umeitua wapi?" Akacheka mpaka akashikilia bawa. Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, mimi kwake ni Mluguru, yeye kwangu ni mpagazi, maana babu zake walipita mabondeni kwetu na mizigo ya watu vichwani wakienda pwani. Wageni wakitusikia hushika midomo. Mwanamke mzima hamwamkii mzee wa watu! Lakini baba yangu alipofariki, mzee huyohuyo alipanda mpaka kijijini kwetu, akajilaza kaburini na miwani yake myeusi, kama watani wafanyavyo msibani, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku tunalia. Nampenda mtu yule, na sijawahi kumwambia.

Sasa turudi kwenye panga. Kovu dogo kwenye propela unalitoa kwa tupa, taratibu, unalainisha, unaendelea na maisha. Lakini kuna kipimo, na hili lilikuwa limekipita. Kipande cha ncha kikikatika hewani, hata cha ukubwa wa kiganja tu, upande mmoja unakuwa mwepesi, na injini inatikisika mpaka inang'oka. Nikaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba propela hii imekwisha, nikaenda kwa bosi.

Bosi wetu ni mtu mwema lakini haraka zake zitakuja kutuua. Akalitazama panga, akasema, "Dada, Kihonda kuna mafundi wa kila kitu. Wanachomelea mageti, wanachomelea mabodi ya malori. Hii si alumini tu?"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia, "Ukachomelee, bosi. Halafu kiti cha mbele ukae wewe, na mkeo akae nyuma."

Akaondoa mkono wake kwenye panga. Kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Haya, chagua wewe, fundi. Utakachotia saini ndicho kitakachoruka."

Cha kuchagua kilikuwepo, ndiyo taabu yenyewe. Stoo tulikuwa na propela nyingine, nzima, safi, kwenye sanduku la mbao, ikitambulika kabisa kitabuni kwa injini yetu. Ila ilikuwa propela ya mwendo, na ile iliyoharibika ilikuwa propela ya mlima. Ukitaka kuelewa tofauti yake, nenda kijiwe cha bodaboda wanaopandisha abiria Uluguru, uangalie sproketi za nyuma, yale magurudumu ya meno yanayovutwa na mnyororo. Wamezibadilisha, wameweka kubwa. Pikipiki ya hivyo haikimbii barabara ya lami, utaipita, lakini mlimani inapanda na mama, mtoto na mkungu wa ndizi. Propela nazo ni hivyohivyo. Ya mlima, mapanga yake yamelala. Yanakata hewa kidogokidogo, injini inazunguka kwa nguvu zote tangu mwanzo, ndege inaondoka chini upesi. Ya mwendo, mapanga yamesimama zaidi. Yanakata pande kubwa la hewa kila mzunguko. Ukiwa juu tayari unakwenda kama mshale na mafuta yanabaki, lakini pale chini, unapoanza kutoka, injini inalemewa.

Ya mlima ilibidi iagizwe. Wiki tatu, wakasema, nami nikajua tano.

Na ilikuwa masika. Barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko sehemu mbili, hata bodaboda walikuwa hawapiti. Dada yangu anayekaa kule juu alinipigia simu akanitajia wajawazito waliokaribia, mmoja mmoja, mtoto wa fulani, mke wa fulani, kama ananisomea orodha ya mashtaka. Ndege ikilala wiki tano, na mmoja wao akashindwa kujifungua, nitamwangaliaje mtu usoni nikienda nyumbani? Na nikifunga ile ya mwendo, ikashindwa kupaa kabla ya mikaratusi, nitamwangalia nani? Siku mbili nilizunguka lile sanduku. Kula sikuli, nikiulizwa jambo najibu kwa ukali. Mwisho nikaamua: nitafunga ya mwendo, kwa sharti. Kule juu isibebe zaidi ya rubani na watu wawili, bila mzigo, mpaka ya mlima ifike. Nikapiga hesabu mara nne. Kwa uzito huo, hewa ya asubuhi, ilipaa, tena kwa nafasi nzuri. Nikatia saini.

Karakana yetu ina desturi moja: aliyefunga ndiye anayepanda. Ukifunga kitu kwenye ndege, safari ya kwanza uko ndani. Hakuna aliyeiandika popote, ila hakuna aliyewahi kuikwepa. Basi tulipomaliza kukaza boliti na kuzifunga waya nikajifunga mkanda kando ya rubani, tukaruka mjini, tukapita juu ya Kingolwira. Mashamba ya magereza yalipita chini haraka sijapata kuona. Rubani alikuwa anang'aa kama mtoto wa Idd.

"Mluguru!" akapiga kelele. "Siku zote hizi ulikuwa unaniendesha punda, kumbe farasi uko naye stoo?"

Kwenye uwanja mrefu wa tambarare, ndege nyepesi, asubuhi ya baridi, propela ile haikuwa na kosa hata moja. Hapo ndipo ilipomdanganya.

Tulipotua nilipaswa kumweleza sharti langu. Na hapa nasema wazi, kosa ni langu, simsingizii mtu. Ningemkalisha, ningefungua kitabu, ningemwonyesha hesabu. Badala yake mdomo wangu ulitoka na kile ulichozoea miaka kumi na moja. Nikamwambia, "Sikia, mpagazi. Kule juu ukipakia zaidi ya watu wawili, korongo litakuzoa, na mimi nitakuja kulala kaburini kwako mpaka watoto wako wanipe ng'ombe."

Akacheka. "Ng'ombe? Wewe utapewa kabichi!"

Nami nikacheka. Jamani, nilicheka. Nikachukua karatasi nikaandika kwa kalamu nyekundu, KULE JUU: RUBANI NA WATU WAWILI TU, nikaibandika mbele ya usukani. Asubuhi yake nikakuta amechora chini ya maandishi yangu kijimtu chenye mzigo mkubwa kichwani, kimetoa meno yote. Nikacheka tena. Ningeichana nikabandika nyingine safi. Sikuichana.

Simu ikaja Alhamisi, saa nne asubuhi. Mkunga wa zahanati ya kule juu alisema ana binti, uzazi wa kwanza, ameshikwa na uchungu tangu jana alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Anatakiwa upasuaji leo, si kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya propela ile kwenda mlimani, kwa hiyo na mimi nikapanda.

Tulitua bila shida. Kokoto walikuwa wameshaziondoa zote baada ya kuambiwa, maskini, mpaka wamefagia. Lakini saa ilikuwa imekwenda, jua limesimama utosini. Joto likizidi hewa inakuwa nyepesi, propela haipati cha kushika. Na nyuma ya kanisa mawingu yalikuwa yameanza kushuka kama yanavyoshuka kila mchana wa masika. Kungoja jioni ya baridi hakukuwezekana. Nusu saa nyingine tusingeuona hata huo mwisho wa uwanja.

Binti aliletwa kwa machela ya miti. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha. Mkunga alitembea pembeni ameinua dripu juu. Nilikuwa puani mwa ndege napitisha kidole kwenye mapanga, kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya na mikono yangu. Niliporudi mlangoni nikakuta ndege imejaa.

Binti amelazwa nyuma. Mkunga kando yake, hilo nililitegemea; wawili hao ndio sharti langu, mimi nilijua nitabaki. Kwenye kona, amejikunja miguu imemfika kidevuni, mama mzazi wa binti. Na nyuma yao kabisa, kiroba cha viazi na kapu la njegere mbichi, vimefunikwa khanga.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

Mama mmoja aliyekuwa chini akanijibu, amejaa haya, "Zawadi ya rubani, mwanangu. Mgeni hawezi kuondoka mikono mitupu. Na zile kokoto zetu tulizomharibia chombo chake, tunaona aibu."

Nilijua vizuri sana ninachoambiwa. Mimi ni mtoto wa pale. Kurudisha zawadi ile ni kuwatemea mate usoni. Nikamgeukia rubani, ambaye alikuwa ameshaketi anavuta mkanda wake.

"Tumezidi," nikamwambia.

"Hatujazidi kitu. Tumewahi kutoka hapa watu wanne na gunia la njegere, umesahau? Ikapaa kama haina habari."

"Kwa propela ile. Hii siyo ile."

"Hii ni bora kuliko ile." Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Mluguru anaogopa mlima wake mwenyewe! Babu zangu walipita hapa na pembe za ndovu, leo mimi nitashindwa na viazi?"

Akina mama wakacheka. Hata mkunga akatabasamu. Wote walitujua, walijua tulivyo, walikuwa wanangoja nijibu ili wacheke tena.

"Sitanii," nikasema.

"Na mimi sitanii. Panda, kaa, nikupeleke mjini ukale chipsi."

"Nakwambia itakwenda korongoni!"

"Na wewe utakuja kulala kaburini, najua. Ng'ombe wako yupo Tabora, ananenepa."

Weee! Nilihisi damu imenipanda kichwani. Nilitaka kumshika shati. Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele nilikuwa nampigia kila siku, na kila tusi nililolijua nilikuwa nimeshamtukana huku tunacheka. Nilimtisha na kifo mara ngapi? Kila juma. Nilitafuta neno moja ambalo sikuwahi kulichezea mbele yake, na nilikuwa nalo moja tu.

Nikasogea dirishani kwake. Nikapiga goti kidogo kama bibi yangu alivyonifunza, kichwa chini, nikasema, "Shikamoo, baba."

Mkono wake ukasimama kwenye mkanda. Tabasamu lilikuwa bado usoni, likatoka kidogokidogo.

"Umesemaje?"

"Shikamoo."

Hakuna aliyecheka. Niliona mama mmoja anamwangalia mwenzake. Rubani alivua miwani yake, akanitazama, kisha akaitazama ile karatasi yenye maandishi mekundu na kijimtu chake. Hakuitikia.

"Nani anashuka?" akauliza, sauti ya chini.

"Viazi, njegere, mama. Na mimi."

Nilisubiri aseme jambo kuhusu unene wangu. Alikuwa nalo tayari siku zote, kilo themanini na mbili zangu zilikuwa zinamlisha vichekesho mwaka mzima. Akaitikia kwa kichwa.

Nilishusha kapu, nikashusha kiroba. Nikamwambia mama wa binti kwa Kiluguru changu kilichochakaa kwamba lazima ashuke. Alimshika mwanawe mguu akakataa kuuachia, na mimi ndiye niliyembandua vidole, kimoja kimoja, kwa mikono hii. Kumfungia mtu mzima mlango akimwangalia mwanawe ndani, hilo ni jambo ambalo sitaki kulifanya tena maishani. Mkunga akaniambia, "Nitamwangalia," nami nikafunga.

Injini ikawaka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kitu nilichokifunga mimi kilikuwa kinaondoka na watu ndani na mimi nimesimama kwenye nyasi. Mama yule alisimama kando yangu, mkono wake umenishika kiwiko, na vidole vyake vilikuwa na baridi mchana ule wa jua.

"Wewe ndiye fundi wake?" akaniuliza.

"Ndiye mimi."

"Sasa mbona umeshuka?"

Nilimwelewa. Mpishi amekataa kula chakula alichopika, na mwanao ameshawekewa sahani. Alikuwa ananiangalia usoni, anatafuta jibu humo kabla sijafungua mdomo.

"Mimi ni mzito, dada," nikasema. "Nikipanda mimi, mwanao hapai."

Sijui kama aliamini. Sikuwa na muda wa kumwangalia, maana ndege ilikuwa imeanza kuteremka.

Ilianza pole mno. Nilijua itakuwa hivyo, nilikuwa nimeiandika kwenye hesabu zangu, lakini kuiandika ni kitu kimoja na kuiona ni kitu kingine. Injini ilinguruma ikilemewa, sauti nzito, nzito, nikawa naisukuma kwa tumbo langu. Nenda. Nenda, mama. Ikafika nusu ya kwanza. Nikaliona jiwe jeupe, nikaona magurudumu, na magurudumu yalikuwa bado ardhini. Nilifungua mdomo kumwambia afunge breki, ujinga gani huo, nani angenisikia? Naye hakufunga. Najua alichofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hichohicho: mawingu yalikuwa yamefika juu ya msalaba wa kanisa, akisimama sasa hapai tena leo, na yule binti hana kesho. Akalipita jiwe.

Mama yule akaanza Salamu Maria, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani. Mimi sikuweza hata hilo. Nilikuwa napiga hesabu. Themanini na mbili zangu, hamsini za huyu mama, kiroba, kapu. Nikaona ndege ikiwa na uzito huo wote, mahali hapohapo, bado inakimbia kwenye nyasi.

Magurudumu yakaachana na ardhi karibu kabisa na mwisho. Ikanyanyuka kimo cha mtu, ikakaa hapo, haipandi, inakwenda tu kuelekea mikaratusi. Kisha ikanyanyua pua. Ncha za mikaratusi zilitikisika, majani yakamwagika chini, ndege ikapita juu yake na kuzama upande wa pili. Hatukuiona tena. Tulisikia sauti yake inashuka korongoni.

Nilihesabu, sijui kwa nini, nilifika tisa. Ikatokea upande wa kushoto, ndogo, chini yetu, inakwenda sasa kwa ile kasi yake ya Kingolwira, ikakata kona kufuata bonde kwenda mjini.

Nikakaa chini, palepale nilipokuwa nimesimama. Nililia kama mtoto, makamasi na yote, mbele ya watu walionijua tangu nachunga mbuzi. Akina mama waliniacha nilie.

Simu kule haishiki mpaka uupande mwamba wa nyuma ya kanisa. Mawingu yalikuwa yameshafunika, tukapanda mimi na yule mama tukishikana mikono kwenye ukungu, tukakaa juu ya mwamba tumeloa, simu yangu mapajani. Kutoka pale mpaka mjini kwa ndege ni dakika kumi na mbili. Zikapita kumi na mbili, zikapita ishirini, ikapita nusu saa. Mama alikuwa anatazama kioo cha simu tu, kila kikizima ananigusa nikiwashe.

Ujumbe wa rubani ukaingia. Niliusoma kimya kwanza, mara mbili, halafu nikamsomea mstari wa kwanza: wamefika, gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, mwanao ameshaingizwa kwa madaktari, mkunga yuko naye. Akaufunika uso kwa khanga yake akabaki hivyo muda mrefu.

"Na huo mwingine?" akauliza baadaye. Alikuwa ameona kuna maneno mengine chini.

"Huo ni wangu," nikamwambia.

Mstari wa pili ulisema: *Marahaba, mwanangu.* Halafu, chini kidogo, kama mtu aliyefikiri kwanza akashindwa kujizuia: *Leo mpagazi ni wewe. Viazi vyangu usiviache.*

Tulirudi uwanjani. Kiroba kilikuwa palepale kwenye nyasi, kapu kando yake, na akina mama wamekaa wanavilinda. Mpaka Mlali chini, panapopatikana gari la mjini, ni mwendo wa saa nne kwa miguu kama njia haijateleza, na ilikuwa inateleza. Nilikunja kata ya khanga nikaiweka kichwani. Mama wa binti alishika upande mmoja wa kiroba, mimi wa pili, akanitwisha. Kisha akajitwika kapu la njegere, akatangulia.